Altezza imelala kona moja, inadunda au inakula tairi: tafuta chanzo kabla ya kuongeza spesa

Malalamiko ni yale yale, kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya hadi Ipogolo ya Iringa. Gari limeinuliwa jana, leo limelala upande. Gari limeshushwa, sasa kila tuta linagonga. Tairi mpya zimeisha upande wa ndani ndani ya miezi michache. Na jibu analopewa mwenye gari nalo ni lile lile: "Kaka, tuongeze spesa."

Spesa, yaani kile kipande kinachopachikwa kwenye springi na shokapu ili kuinua gari, ina kazi yake, sikatai. Ila Toyota Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, maana yake hata iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 20. Springi zake zimechoka, mipira imekakamaa, na kitako cha springi kimeshaanza kuliwa na kutu. Ukiweka spesa juu ya ugonjwa, umeuficha tu, na utakuja kuulipia kwa bei kubwa. Nimeandika haya kwa kufuata dalili moja moja. Mengi yanafaa pia kwa Mark II, Chaser na Subaru Impreza za umri huo, na pale zinapotofautiana nitasema.

Kabla ya dalili yoyote: pima

Usipime kutoka ardhini hadi kwenye fenda. Tairi yenye upepo pungufu itakudanganya, na tairi mbili za saizi tofauti zitakudanganya zaidi. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, wima, hadi ukingo wa fenda. Andika namba nne, moja kwa kila kona.

Shida yetu huku ni kupata sehemu iliyo sawa. Mbeya ni milima, na hata ua unaouona umenyooka una mwinamo wake. Azima ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Uweke ncha moja kwenye tairi ya kushoto na nyingine kwenye ya kulia, kisha linganisha usawa wa maji. Nilipofanya hivyo uani kwangu, mahali ambapo ningeapa kwamba pako sawa, maji yalionyesha tofauti ya sentimita 3. Kama huna mpira huo, pima, geuza gari liangalie lilikotoka, pima tena palepale. Kona iliyo chini ikihama upande, tatizo ni ardhi, gari halina kosa.

Jaza upepo sawa kwanza, na ujaze asubuhi tairi zikiwa baridi. Kila nyuzi 5 au 6 za baridi hula takriban psi 1, kwa hiyo tairi uliyojaza saa nane mchana haitakuwa vile vile alfajiri ya mwezi wa saba. Toa mizigo kwenye buti, tenki liwe nusu, kisha sukuma gari mbele na nyuma mita chache ili tairi zitulie, ulikandamize kila kona mara tatu kwa mikono, ndipo upime. Mimi tofauti ya kushoto na kulia iliyo chini ya sentimita 1 kwenye gari la umri huu siisumbukii. Ikizidi sentimita 1 na nusu, kuna kitu.

Dalili: kona moja au upande mmoja umelala

Anza na vitu vya kijinga, maana ndivyo vinavyoongoza. Spika kubwa iliyofungwa upande mmoja wa buti. Tairi moja iliyonunuliwa peke yake, saizi tofauti na wenzake. Dereva mnene aliyekaa ndani wakati unapima. Usukani uko kulia, basi kulia kutashuka.

Vikiwa salama hivyo, lala chini na tochi uangalie springi. Mara nyingi mzunguko wa mwisho wa chini ndio unaokatika, kwa sababu tope hukaa pale na kutu huanzia pale. Kipande kilichokatika hubaki kimekaa kwenye kitako chake kama kizima, kwa hiyo usitazame tu. Kishike, kisukume kwa bisibisi. Kikicheza, umepata jibu. Angalia pia kama ncha ya springi imeingia kwenye mfereji wake. Springi iliyofungwa haraka hukaa nje ya mfereji, na kona hiyo inakuwa juu hadi siku springi itakaporuka yenyewe na kudondokea mahali pake, ghafla, ukiwa barabarani.

Baada ya hapo, uliza springi zilitoka wapi. Springi za mtumba zikichanganywa ni chanzo kikubwa sana cha gari kulala. Altezza AS200 ina injini ya silinda sita, 1G-FE. RS200 ina ya silinda nne, 3S-GE. Uzito wa mbele haulingani. Altezza Gita, ile ya mgongo mrefu, nyuma yake imetengenezwa kubeba zaidi. Ukichukua springi moja kutoka hapa na nyingine kutoka kule, hakuna spesa itakayozipatanisha. Tafuta alama za rangi zilizopakwa kiwandani kwenye waya wa springi. Kama bado zinaonekana na hazifanani, anzia hapo. Springi hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kona iliyolala inaweza kuwa haina kosa lolote. Fikiria meza ya miguu minne ambayo mguu mmoja umerefushwa. Ukiinua springi ya mbele kushoto, uzito unahamia pale na kwenye kona ya kinyume chake, nyuma kulia, na ile ya nyuma kulia inalala. Mwenye gari anaona nyuma kulia kumeshuka, anawekewa spesa nyuma kulia, na sasa gari linasimama kwa kona mbili tu. Likifika kwenye lami iliyolowa pale mteremko wa Iwambi, tairi mbili nyepesi zitateleza kabla ya wenzake. Ndiyo maana namba zinatakiwa nne, kila mara, hata kama unagusa kona moja.

Simama hapo na umwite fundi wa bodi kama springi ni nzima, zinafanana, tairi ziko sawa, na bado kona imeshuka. Pima kutoka habu ya mbele hadi habu ya nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Urefu ukitofautiana wazi, mkono (chuma kinachoshikilia tairi kwenye gari) umepinda au chesisi imeguswa kwenye ajali ambayo hukuambiwa wakati wa kununua. Hilo halitibiwi na jeki ya uani.

Dalili: gari liko juu kupita kiasi, gumu, linadunda kama mkokoteni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu yamenikuta.

Niliweka spesa mbele, nikapeleka gari kwenye gereji moja hapa mjini. Walifanya kazi kwa saa moja na nusu, gari likiwa juu ya stendi, tairi zinaning'inia. Waliposhusha, lilikuwa limekaa juu zuri, nikalipa nikaondoka. Nilipopima nyumbani, mbele kushoto ilikuwa sentimita 38.6 na kulia 38.4, juu zaidi ya nilivyokusudia. Nikafurahi badala ya kushtuka. Miezi mitatu baadaye usukani ukaanza kulegea, nikilala chini kuangalia naona mpira wa bushi ya lowa ami, yaani mkono wa chini, umechanika mduara mzima, umetoka kama ganda la chungwa. Bushi zote nne za mbele.

Sababu ni hii. Bushi ya mkono wa Altezza haizunguki kwenye boliti. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na mkono ukipanda au kushuka mpira unajisokota. Ukikaza boliti wakati tairi inaning'inia, umeuambia mpira kwamba hapo chini ndipo nyumbani kwake. Ukishusha gari, mpira umeshajisokota kabla hata hujaanza safari, unasukuma gari juu, na unapata kimo cha uongo. Kila tuta linausokota zaidi ya uwezo wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza kukagua gari likikaa juu isivyo kawaida ni hilo. Panga mbao nne nene, pana, za unene mmoja, gari lisimame juu yake kwa tairi zake ili upate nafasi ya kuingiza spana. Matofali ya kuchoma usiyatumie, yanapasuka bila taarifa. Zuia tairi kwa vizuizi. Chora alama kwenye boliti za ndani za mikono kabla ya kulegeza, maana baadhi yake zina kichwa cha duara chenye vistari, ndizo zinazopanga tairi, na zikihama umeharibu alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za tairi. Legeza boliti, usizitoe. Kandamiza gari mara kadhaa, lisukume nyuma na mbele kidogo palepale juu ya mbao, halafu kaza likiwa limesimama kwa uzito wake. Nimeona magari yakishuka zaidi ya sentimita 1 kwa kulegeza tu, bila kugusa springi.

Sababu nyingine za ugumu, kwa ufupi. Zile raba zinazopachikwa katikati ya mizunguko ya springi: zinainua, ndiyo, lakini zinaua kazi ya mzunguko mmoja na kubebesha mzigo wenzake, na springi mara nyingi hukatika jirani na raba. Zitoe. Spesa nene mno: shokapu inafika mwisho wake wa juu kila tairi inaposhuka shimoni, unasikia "ta!" ya chuma. Na stebilaiza, ile fimbo inayounganisha kushoto na kulia, iliyofungwa huku inavutana. Gari likiwa limesimama sawa, boliti ya stebilaiza linki inatakiwa kuingia kwa vidole. Kama lazima upige nyundo, linki hiyo inabeba uzito isioupasa.

Neno kuhusu unene wa spesa. Kwenye Subaru Impreza, shokapu imeshika karibu na tairi kabisa, hivyo spesa ya sentimita 2 inainua gari karibu sentimita hizo hizo 2. Altezza ina mikono miwili kila kona, mbele na nyuma, na shokapu inakaa ndani kidogo ya mkono. Spesa ile ile inainua zaidi, mara nyingi karibu sentimita 3. Anayekuwekea spesa ya Impreza kwenye Altezza kwa kipimo kile kile atakupandisha kuliko ulivyoomba.

Na kama unachotaka ni nafasi ndogo tu ya kupita, fikiria tairi kwanza. Kutoka 215/45R17 kwenda 215/50R17 tairi inakua milimita 21.5 kwa kipenyo, gari linapanda karibu sentimita 1, na hujagusa pembe ya kitu chochote. Hakikisha tu haisugui ukikata kona yote.

Dalili: linagonga chini kwenye matuta

Kama lilishushwa, uliza kwanza lilishushwa vipi.

Kama springi zilichomwa kwa gesi hadi zikalala, usiendeshe gari hilo tena hadi zitolewe. Nalisema kwa uzito wote. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu ili kijue kurudi, na moto wa gesi unaifuta kazi hiyo. Itaendelea kulala siku hadi siku, au itakatika. Ukishuka mlima Kitonga na kona moja imekatika springi, huku lori liko nyuma yako, hutakuwa na muda wa kujuta.

Springi zilizokatwa kwa msumeno ni hatari kwa namna nyingine. Gari likinyanyuka kwenye tuta, springi fupi inalegea kwenye kitako chake, inaweza kurudi vibaya. Kipimo ni rahisi: nyanyua kwa jeki, weka stendi, tairi ikining'inia ishike springi uizungushe. Ikizunguka bure mkononi, ni fupi mno kwa shokapu hiyo.

Kama halikushushwa na bado linagonga, shuku shokapu. Kandamiza kona uachie. Ikipanda na kutulia, bado ina uhai, ikiendelea kupanda na kushuka imekwisha. Mafuta yaliyochirizika na kushika vumbi kwenye mwili wa shokapu yanatoa jibu hata bila kukandamiza. Angalia pia ile raba inayovaa fimbo ya shokapu, stopa. Kwenye magari haya nyingi zimeshasagika zikawa unga, na ni kitu cha bei ndogo. Asubuhi za baridi, hasa Njombe na Makete, shokapu kavu na bushi ngumu hulia kilomita za kwanza kisha zikanyamaza; sauti inayopotea gari likipata joto haina haraka, inayobaki ndiyo ya kufuatilia.

Dalili: shokapu za kupandisha na kushusha hazikubali kurekebishwa

Ringi zimeganda. Udongo mwekundu wa Rungwe ukichanganyika na mvua ya Tukuyu unakuwa saruji kwenye nyuzi za shokapu. Osha, sugua kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Legeza kwanza ringi ya kufungia, ndipo ya kubeba springi. Usiipige kwa nyundo na patasi. Ringi nyingi ni aluminiamu, na nyuzi zikifa shokapu nzima imekufa.

Jua pia aina uliyonayo. Kama mguu wa chini wa shokapu unazunguka kwenye nyuzi zake, kimo kinarekebishwa huko, na ringi ya springi haiguswi. Kama hauna nyuzi, ringi ya springi ndiyo ya kimo, lakini ukiipandisha sana unaibana springi na kula nafasi ya tairi kushuka shimoni. Hesabu mizunguko, sawa kushoto na kulia, fungua stebilaiza linki upande mmoja wakati unarekebisha, kisha teremsha, sukuma, pima namba nne.

Dalili: linavuta upande, usukani umekaa mshazari, tairi inaliwa

Ukibadilisha kimo, alaimenti imebadilika. Si labda. Gari likishuka tairi zinalala kwa ndani juu, na upande wa ndani wa tairi unaliwa. Likipanda sana unaliwa wa nje. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi: ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja wa safari, tairi za kushoto na kulia haziangalii mbele sawasawa, na hilo ndilo linalomaliza tairi haraka kuliko yote.

Peleka kwenye wilo alaimenti baada ya siku chache za kuendesha, springi zikishatulia, na uombe wapime nyuma pia, maana nyuma ya Altezza inarekebishika. Wakikuambia imefika mwisho na bado haijakaa, usikubali kulazimisha. Kimo kimezidi, au kuna mkono uliopinda.

Dalili: ko-ko-ko, au kitu kinacheza

Stebilaiza linki huongoza, na hizo ni za kubadilisha mwenyewe. Zinafuatiwa na nati ya juu ya shokapu iliyolegea baada ya kuweka spesa, kisha bushi. Boljointi ya chini, kile kiungo cha mviringo kinachounganisha mkono na habu, ndiyo ya kuogopa. Gari likiwa kwenye stendi, weka jeki chini ya mkono, shika tairi juu na chini uitikise, mwenzako akiwa ameweka kidole kwenye boljointi. Akihisi mchezo, funga gari, usiendeshe hata hadi Kabwe. Ikichomoka, tairi inalala nje na huna usukani.

Simama pia, bila kujadiliana, ukikuta haya:
- Mpira wa breki umevutika. Tairi ikining'inia, zungusha usukani mwisho hadi mwisho huku mtu anautazama. Ukikaza kama waya wa gitaa, spesa itoke leo.
- Waya wa ABS umejivuta hivyo hivyo, au mpira wa ekseli umeanza kupasuka kwa sababu ya pembe mpya.
- Kitako cha springi kina ufa au kimeunganishwa kwa kuchomelea.
- Inabidi kubana springi ili kuitoa kwenye shokapu, na huna kibanio kizuri cha pande mbili. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja taya. Mpe mwenye kifaa.

Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia. Tairi zikirudi, nati zake kaza kwa mfuatano wa msalaba. Kwenye Altezza ni Nm 103, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hivi.

Dalili: magari yanayokuja yanakuwashia taa

Umeinua mbele kidogo au umeshusha nyuma, na taa zimehama juu. Sogeza gari mita 10 kutoka ukutani, mahali palipo sawa, mtu akiwa kwenye kiti cha dereva. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ukutani kwa kimo hicho, kisha alama nyingine sentimita 10 chini yake. Mstari wa juu wa mwanga wa taa hafifu uguse alama ya chini. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa, ndani ya boneti. Fanya hilo jioni ile ile uliyobadilisha kimo, kabla hujaingia barabara kuu, kwa sababu dereva wa lori anayepandisha Mlima Nyoka usiku ana mzigo nyuma, na anahitaji kuiona kona iliyo mbele yake.